Ndege Saa Tisa

Kengele ya shule yetu si kengele. Ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ya baraza, mbele ya dirisha la ofisi yangu, na hupigwa kwa boliti ndefu kama mkono wa mtoto. Mimi ni karani wa shule hii kwa mwaka wa kumi na nne, kwa hiyo sauti zake zote nazijua: ya kuingia, ya mapumziko, ya chakula, na ile ya mtihani, ambayo hupigwa mara moja tu na kushikwa kwa mkono isiendelee kulia.

Mtu aliyeipiga kwa miaka thelathini na moja tulimwita Mzee Kamili. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye karatasi za mshahara, na sidhani kama kuna mwanafunzi aliyewahi kulisikia. Hili la Kamili alilipata kwa sababu ukimwuliza saa hakupi hivi hivi tu. Hutazama mkono, husubiri, mshale wa sekunde ukifika juu ndipo hutamka: "Saa nne kamili." Ukimharakisha atakwambia, "Ngoja kidogo, bado haijawa saa yoyote."

Mbali na kengele alishika geti na daftari la wachelewaji. Daftari lina safu nne: jina, darasa, dakika, sababu. Hakuwahi kumpiga mtoto wala kumfokea. Alifungua daftari, akatazama saa, akauliza, "Sababu?" kisha akaandika neno kwa neno alivyoambiwa. Nimeyatunza madaftari hayo kabatini kwangu na siku nyingine huyasoma. "Nimevaa kiatu cha dada, naye kavaa changu, tukakutana njiani." "Jogoo wetu ameuzwa." "Nililala." Pembeni ya hilo la mwisho Mzee Kamili ameweka alama ya tiki, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Muda wote aliupima kwa vipindi. Kipindi cha shule ni dakika arobaini, basi kwake maharage yaliiva kwa vipindi vitatu, na kwenda mjini ni vipindi vitatu tukiwa na bahati. Mke wake, ambaye magoti yalimsumbua lakini ulimi haukuwa na ugonjwa wowote, alikuwa akisema, "Nimeolewa na rimu ya lori. Usiku nageuka, nasikia inahesabu."

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Miaka tisa iliyopita binti huyo alipata kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ya nchi ya mbali. Ndege yake ilikuwa iondoke saa tano asubuhi, siku ya kwanza ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Mkuu wa shule alimwambia mzee, nenda ukamsindikize mtoto, kengele itapigwa na mtu mwingine. Akajibu, "Mtihani ni mtihani." Aliagana na binti yake getini alfajiri, akaingia kazini. Saa tano kamili alipiga mara moja, akaishika rimu kwa mkono, na niliona dirishani kwangu kwamba imeshanyamaza lakini yeye hajaiachia.

Mke wake hakumsemesha kwa siku tatu. Najua, kwa sababu siku hizo mzee alikula mchana kwenye stoo ya shule.

Binti aliolewa kule kule na dereva wa malori ya safari ndefu, wakapata mtoto wa kike. Kila Jumapili, saa kumi kamili jioni, alipiga simu nyumbani, hakukosa hata mara moja. Mzee Kamili hupenda sana kulisema hilo. "Saa kumi kamili. Wala si na dakika moja. Yule ni mwanangu."

Mjukuu alipofika miaka minane, mama yake alipata mimba ya pili na ikaanza kumpa shida. Daktari akamlaza, akasema hatainuka kitandani mpaka ajifungue, na hiyo ilikuwa miezi miwili na zaidi. Mumewe hulala njiani siku nne kwa wiki. Hakukuwa na wa kumwachia mtoto. Ikaamuliwa kwamba mtoto aje kwa babu na bibi, peke yake, kwa ndege. Wapo wahudumu wa kazi hiyo: humchukua mtoto kwa mzazi wa huku na kumkabidhi kwa ndugu wa kule, ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu na ni lazima awe yeye mwenyewe mlangoni na kitambulisho. Jina lililoandikwa lilikuwa la Mzee Kamili.

Binti alipiga simu kutoka wodini kuwaeleza hayo. Mke wa mzee alinisimulia baadaye maneno ya mwisho kabla simu haijakatika: "Baba, mtoto anaogopa. Nimemwambia asiogope. Nimemwambia babu yake hajawahi kuchelewa hata dakika moja tangu azaliwe, akitoka tu mlangoni atamwona." Kisha ukaja ujumbe, ambao mzee alinionyesha mara nne kwa siku moja:

"Anaondoka saa 1 asubuhi. Ndege saa 9. Babu awe mlangoni."

Mtu mwingine angesoma na kuweka simu mfukoni. Mzee Kamili alikwenda kwa mwalimu wa jiografia, kijana mpole anayeandika ubaoni kwa mikono yote miwili, akamwambia anataka kujua njia ambayo mjukuu wake atapita. Nilikuwamo darasani humo nikihesabu madawati mabovu.

Mzee alikuwa ameshapima kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Mwalimu akacheka.

"Mzee wangu, hiyo ramani imevutwa pembeni kama shuka la kitanda kidogo kwenye kitanda kikubwa. Inadanganya. Ukitaka ukweli njoo kwenye tufe."

Akashusha tufe kutoka juu ya kabati, akapuliza vumbi. Mzee alikuwa na uzi mwekundu wa kushonea, wa mke wake. Akashika ncha moja kwenye mji wa binti yake, mwalimu akashika nyingine kwetu, wakauvuta ukakaza. Uzi haukupita alikopita rula. Ulijipinda, ukakatiza juu ya nchi ambazo hakuwa amezifikiria.

"Mbona unapinda?"

"Haupindi, mzee. Huo ndio umenyooka. Dunia ndiyo imepinda."

Mzee Kamili aliutazama uzi muda mrefu. "Kumbe anapita juu ya watu wengi," akasema.

Wakaukata na kuupima: sentimita kumi na saba. Kisha wakachukua uzi mwingine, wakalizungushia tufe kiunoni. Mita moja, kasoro nukta.

"Sasa," mwalimu akasema, "dunia yenyewe kiunoni ni kilomita elfu arobaini hivi. Kwa hiyo kila sentimita moja hapa…"

"Mia nne."

"Mia nne. Mara kumi na saba?"

"Elfu sita na mia nane," mzee akajibu kabla sijafika hata nusu ya hesabu kichwani.

"Ndege kubwa, tuseme inakwenda kilomita mia nane kwa saa."

"Saa nane na nusu."

"Ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka."

 Mzee Kamili alitoa simu yake ya vitufe, akaifungua, akaiweka juu ya meza mbele ya mwalimu. Ndege saa 9. Uso wake ulikuwa kama wa mwanafunzi aliyepata zote. "Vipindi kumi na tatu na nusu," akasema. "Binti yangu hakosei. Akiondoka saa moja asubuhi, anatua saa kumi kamili jioni."

"Ila mzee," mwalimu akasema, akiwa bado ameshika tufe, "hiyo saa moja ya kuondoka, ni ya kule au ya hapa?"

"Mwalimu, saa moja ni saa moja."

"Si kila mahali. Unajua jua likiwa…"

Lakini mzee alikuwa ametazama mkono wake. Zilibaki sekunde arobaini kipindi kiishe. Alitoka mbio na uzi wake mkononi, na sentensi ya mwalimu ikafa hapo hapo. Niliisikia kengele ikilia kwa wakati wake. Nami, nakiri, niliendelea kuhesabu madawati.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mzee Kamili aliomba ruhusa, ya kwanza tangu niingie shuleni. Boliti alimkabidhi mpishi, mama mmoja mnene mwenye huruma, pamoja na karatasi ya saa zote, na akamwapisha asibadili kitu. Mimi nilikuwa na karatasi za mitihani za kuchukua mjini kwa pikapu ya shule, mkuu akasema nimpitishe uwanja wa ndege.

Nilimkuta nyumbani amevaa shati jeupe alilopewa na shule alipotimiza miaka ishirini na mitano kazini. Mke wake alikuwa kibarazani, miguu juu ya kigoda.

"Nilimwambia aende tangu asubuhi," akaniambia mimi, si yeye.

"Nikakae kule vipindi tisa nafanya nini?"

"Unakaa. Watu wengine hukaa tu, baba. Hawafi."

"Saa tisa na nusu nitakuwa mlangoni. Nusu saa kabla ya kutua. Inatosha na inabaki."

"Haya. Mke mwenzangu akikukosa huko, usirudi hapa."

Akacheka, mzee akacheka. Alimwachia mke wake simu, ili binti akipiga kutoka wodini amkute mtu. "Mwenye saa mkononi hahitaji simu," akasema. Uzi ulikuwa umekunjwa ndani ya bahasha ndogo kwenye mfuko wa shati.

Tulifika saa tisa na dakika ishirini na nane. Tukaegesha, tukatembea, na mshale ulipogusa nusu tulikuwa tumesimama kwenye chuma cha kuzuia watu, mbele ya mlango wa wanaowasili. Mzee alinitazama kwa furaha ndogo ya mtu ambaye mambo yake yamekaa sawa. Ubao wa taarifa ulikuwa umezimika upande wa ndege zinazoingia. Watu wachache walikuwa wakitoka na mizigo yao, mmoja mmoja, kama mabaki ya kitu kilichokwisha. Niliuliza ni ndege gani hiyo.

"Si yetu," akasema. "Yetu bado iko juu. Sasa hivi nadhani inaanza kuinamisha pua."

Tukasubiri. Alinyoosha kola. Akaniuliza kama mtoto wa miaka minane anapewa mkono au anabebwa. Nikasema inategemea mtoto. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mama yake alipoondoka nilikuwa na boliti mkononi."

"Najua, mzee. Nilikuwapo."

"Ulikuwapo?"

"Dirishani. Uliishika rimu ikanyamaza, halafu ukaendelea kuishika."

"Mm." Alitazama sakafu. "Ilikuwa ya moto. Jua lilikuwa limeipiga asubuhi yote." Akaongeza, "Huyu wa leo, lazima anione. Akitoka tu, anione."

Saa kumi kasoro dakika moja aliinua mkono usawa wa kifua. Nilimwona midomo ikihesabu. "Sasa," akasema, "inagusa chini. Saa kumi kamili."

Hapo mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatoka mama mmoja aliyevaa sare ya buluu, simu mkononi. Akapaza sauti:

"Mzee Kamili ni nani hapa?"

Tulidhani tumesikia vibaya. Nani wa huku angelijua jina hilo?

"Nimeambiwa kwenye simu nimtafute mzee anayetazama saa," yule mama akasema, na macho yake yakashuka kwenye mkono wa mzee, uliokuwa bado juu. "Ni wewe? Jamani! Tumekuita kwa jina la kwenye fomu mpaka tumechoka. Tumepiga simu yako mara tatu haipokewi, sasa hivi ndiyo mkeo kapiga, anasema alikuwa kwa jirani kusuka mkeka wa mlangoni, yaani kaniambia hadithi yote. Mtoto yuko ofisini."

"Mtoto gani?" mzee akasema.

"Mjukuu wako, mzee. Ndege imetua saa tisa."

"Ndege ni saa tisa," mzee akasema polepole, kama mtu anayesahihisha. "Ni safari ya saa tisa."

"Ndiyo, safari ni saa tisa. Na imetua saa tisa."

Nimewaza mara nyingi juu ya sentensi hiyo. Kila mtu alikuwa amesema kweli. Binti aliandika saa ya kutua, kwa saa zetu, kwa sababu ndiyo baba yake aliyoihitaji. Saa ya kuondoka aliiandika ya kwake, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiiona ukutani wodini. Uzi nao haukudanganya. Kule kwao saa ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu, na hiyo moja hakuna aliyeiona, maana kwa miaka tisa binti alikuwa akipiga simu saa kumi na moja ya kwake ili kwa baba yake iwe saa kumi kamili.

Mtoto alitolewa nje saa tisa na dakika ishirini. Mhudumu alisimama naye mlangoni dakika kumi akiita jina. Saa tisa na nusu, tulipokuwa tukitembea kutoka kwenye pikapu, walimwingiza ofisini. Kwa nusu saa nzima tulikuwa tumesimama na furaha yetu umbali wa hatua kumi na tano kutoka kwake. Kulikuwa na ukuta mmoja.

Mzee Kamili alitembea hatua hizo kama amebeba gunia.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi ambacho miguu haifiki chini, kifuko cha plastiki chenye karatasi zake shingoni, begi mapajani. Nywele zimesukwa vizuri sana, nadhani na muuguzi. Juu ya meza palikuwa na juisi ambayo hakuifungua.

"Huyu hakulia," yule mama wa sare akasema. "Lakini mbishi! Kila nikimwambia babu kachelewa, ananikatalia."

Mtoto alimtazama mzee, kisha shati, kisha saa ya mkononi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba." Haikutoka vizuri, akairudia. "Marahaba, mama."

"Nimemwambia babu hachelewi," mtoto akasema, akimwonyesha yule mama kwa kidevu. "Ndege ndiyo imewahi."

Nilitazama pembeni. Maneno hayo yalikuwa njia nzuri ya kutokea, imefunguliwa kabisa, na mtu yeyote angepita. Mzee Kamili aliinama mpaka magoti yakagusa sakafu, wakawa sawa kwa urefu.

"Nani kakuambia babu hachelewi?"

"Mama."

"Mama yako alisema kweli. Ilikuwa kweli mpaka leo. Leo nimechelewa."

Mtoto alifikiri. "Kiasi gani?"

"Dakika arobaini."

"Ni nyingi?"

"Ni kipindi kizima."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo nje. Nyuma ya ukuta huu. Nilikuwa nakusubiri."

"Mimi nilikuwa huku nakusubiri wewe," mtoto akasema, na hapo ndipo midomo yake ilianza kutetemeka, kwa sababu sasa ilikuwa imekwisha na hakuwa na haja tena ya kumtetea mtu. Swali la apewe mkono au abebwe lilijijibu lenyewe. Mzee alisaini fomu kwa mkono mmoja, mtoto akiwa begani, na ndiyo saini mbaya pekee niliyowahi kuiona kwake.

Kwenye pikapu mtoto alikaa katikati yetu. Tulipotoka getini alinyoosha mkono wa kushoto, uliokuwa na saa ndogo ya plastiki.

"Mama kasema nisiiguse. Kasema babu ndiye anajua saa, atairekebisha."

Mzee aliushika mkono ule. Saa ilionyesha saa kumi na moja na robo. Yake ilikuwa saa kumi na robo. Akavuta kile kitufe cha pembeni kwa ukucha, na nilijua anavyojisikia: nimemwona akipanda ngazi kwenda kurekebisha saa ya ofisi ya mkuu kwa sababu imekosea dakika mbili.

"Hii ni saa ya mama?"

"Ndiyo. Saa hizi wameshamletea chai. Wakimaliza chai wanampima."

Mzee aliendelea kukishika kitufe kwa muda kidogo. Kisha akakisukuma ndani kama kilivyokuwa.

"Basi tuiache. Ya hapa ninayo mimi."

Akatoa bahasha mfukoni. "Uzi huu ndio njia uliyokuja nayo," akamwambia. "Kutoka kwa mama mpaka hapa. Tuliupima." Mtoto akauvuta, akaona ni mfupi, akacheka kwa mara ya kwanza. "Huu tu?" Sentimita kumi na saba zinatosha kuzunguka mkono wa mtoto wa miaka minane na kubaki kidogo za kufungia fundo. Babu yake ndiye aliyemfunga, chini kidogo ya saa, na ilimchukua muda kwa sababu barabara ilikuwa mbovu.

Hatujafika nusu ya njia binti akapiga kwenye simu yangu, namba kaipata kwa mama yake. Nikaiweka sauti ya juu.

"Baba, mmeonana?"

"Tumeonana. Nimechelewa."

"Nani kachelewa?"

"Mimi. Dakika arobaini. Nimehesabu saa zako kama zangu."

Tukasikia anacheka, halafu haikuwa kucheka tena, halafu ikawa kucheka. "Kumbe hata wewe, baba."

"Hata mimi. Na ile siku nyingine, mwanangu, ile ya kwanza, sikuchelewa. Sikuja kabisa. Hiyo ni mbaya zaidi na sijawahi kuisema."

"Baba." Sauti yake ilikuwa karibu sana, kama yumo ndani ya gari. "Siku ile tulikuwa tumefungwa mikanda. Nikatazama saa, saa tano kamili, nikasema, sasa hivi baba anapiga. Na ndege ikaanza kutembea. Mimi nilijua ulipo. Katika ndege nzima ni mimi tu niliyejua baba yangu yuko wapi dakika ile."

Mzee Kamili alitazama nje upande wake mpaka tukafika. Nyumbani mke wake alikuwa amesimama kibarazani licha ya magoti yake yote mawili mabovu, akamkumbatia mtoto kwanza, ndipo akamtazama mume wake juu mpaka chini.

"Vipindi tisa unafanya nini kule, ee?" akasema. Lakini alikuwa ameshamwekea maji ya kuoga.

Kesho yake asubuhi mpishi alikiri kwamba kengele ya chakula aliipiga dakika ishirini mapema, kwa kuwa watoto walikuwa na sura za njaa. Mzee hakupata nafasi ya kumjibu. Alikuwa getini na mjukuu wake, na daftari limefunguliwa. Nililiona mwisho wa muhula nilipolikusanya. Safu ya jina: jina lake la kuzaliwa, lote, kwa mwandiko wake. Darasa: mstari. Dakika: 40. Safu ya sababu ilikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, wa penseli, unaopanda juu kadiri unavyokwenda: "Saa ya mama iko mbele." Pembeni palikuwa na tiki.

Kwa wiki kumi na moja tulikuwa na mtoto shuleni ambaye ukimwuliza saa alikujibu, "Ya hapa au ya mama?" Mwalimu wa jiografia alifurahi sana. Alisema ndilo swali ambalo yeye alishindwa kulimaliza.

Mama yake alijifungua salama, mtoto wa kiume, na tarehe ya kurudi ikapangwa. Ilikuwa siku ya mtihani. Mkuu wa shule, ambaye anakumbuka mambo, alimwita mzee ofisini akamwuliza, "Na mtihani, mzee?"

"Mtihani una walimu kumi na tisa," Mzee Kamili akasema. "Mtoto ana babu mmoja."

Ndege ilikuwa iondoke saa nane mchana. Aliniuliza saa nane ya wapi, akamwuliza mwalimu, akaandikiwa na shirika la ndege kwa barua, na bado alikwenda alfajiri, yeye na mke wake na kigoda cha kuwekea miguu. Walikaa tu. Mtoto alipita mlangoni na kifuko shingoni, uzi mwekundu mkononi, akageuka mara tatu, na mara zote tatu aliwaona.

Boliti alikuwa nayo mpishi. Mtihani ulianza kwa wakati, lakini kengele ya chakula aliipiga mapema kwa dakika kumi na mbili. Niliziandika kwenye karatasi, kama ilivyo kawaida yangu, nikamwekea mzee mezani. Aliporudi aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni pale palipokuwa na bahasha, akaniuliza kama chakula kilitosha.